Kutenga faji za bakteria wa udongo: dalili, visababishi na marekebisho

Maagizo ya kutenga bakteriofaji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria, hutosha ukurasa mmoja. Udongo huloweshwa katika bufa, yaani mmumunyo unaotunza pH isibadilike, maji yake huchujwa kwa chujio la mikromita 0.22, mchujo huchanganywa na bakteria mwenyeji ndani ya agari laini, mchanganyiko humwagwa juu ya sahani ya petri, na kesho yake mtu huhesabu plaki, yale madoa angavu yanayobaki pale faji zilipopasua bakteria. Kinachokula miezi ni zile kesho ambazo sahani haina cha kuhesabiwa, au ina vitu vinavyofanana na plaki ambavyo sivyo.

Mwongozo huu unafuata dalili kwa mpangilio ambao kwa kawaida hujitokeza katika maabara ya chuo hapa Nairobi, mahali ambapo stima hukatika bila taarifa na kila chujio huhesabiwa kabla ya kutumiwa. Mwenyeji ninayemtaja zaidi ni Bacillus subtilis, kwa kuwa hupatikana kwa urahisi, hukua haraka na si hatari kwa mtu mwenye afya. Bakteria wengine watatu, Arthrobacter, Mycobacterium smegmatis na Ralstonia solanacearum, nitawagusa pale wanapotofautiana naye.

Kabla ya dalili yoyote, andaa sahani tatu za ulinganisho kila unapomwaga: ya kwanza iwe na mwenyeji peke yake, ya pili iwe na mchujo bila mwenyeji, na ya tatu iwe na mwenyeji pamoja na faji ambayo tayari inajulikana kumpasua. Wengi huandaa ile ya kwanza, wachache huandaa ya pili, na ya tatu husahaulika kabisa, ilhali ndiyo inayotenganisha "udongo huu hauna faji" na "sahani zangu haziwezi kuonyesha faji hata ikiwepo". Anayeanza bila faji ya kulinganishia na aombe mililita moja kutoka maabara jirani kabla ya kwenda kuchimba udongo.

Zulia la bakteria halijatanda, au lina mabonge

Zulia ni ule utando wa bakteria unaofunika sahani nzima, na bila utando ulio sawa hakuna plaki inayoweza kusomeka. Zulia likiwa jembamba kiasi cha kuonyesha makoloni moja moja, sababu ya kwanza ya kutazamwa ni umri na wingi wa mwenyeji. Tumia bakteria waliokuzwa katika mchuzi mpya hadi ukungu wao kwenye kipimamwanga cha nanomita 600 ufikie kati ya 0.3 na 0.5, yaani walio katikati ya kasi ya kukua. Mchuzi uliolala usiku kucha mezani unaweza kutoa zulia zuri machoni, lakini Bacillus aliyeishiwa chakula huanza kutengeneza spora, yaani hali ya usingizi yenye ganda gumu, na spora haina milango ambayo faji huitumia kuingilia.

Mabonge ni jambo jingine, na hapa Nairobi yana kisababishi ambacho maagizo yaliyoandikwa pwani au ng'ambo hayakitaji. Jiji liko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka takriban nyuzi 94 za Selsiasi badala ya 100. Agari huyeyuka kuanzia nyuzi 85 hivi, kwa hiyo chupa iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji yanayochemka huyeyuka, lakini polepole, na mara nyingi mtu huitoa ikiwa inaonekana safi huku vipande vyembamba kama kucha vikielea katikati. Vipande hivyo havionekani mpaka agari ipoe kwenye sahani. Inua chupa kwenye mwanga wa dirisha na uizungushe taratibu. Ukiona mistari inayopinda kama sukari inayoyeyuka ndani ya chai ya rangi, irudishe kwenye sufuria kwa dakika kumi zaidi.

Mabonge pia hutokea Juni na Julai, wakati chumba kina nyuzi 17 asubuhi na sahani zimetoka kwenye friji muda huo huo. Agari laini inayofaa ni ya asilimia 0.4 hadi 0.7, ikitunzwa kwenye maji ya nyuzi 45 hadi 50, na huganda inaposhuka kufika nyuzi 40 hivi au chini kidogo. Ukiongeza mchujo baridi wa mililita moja kwenye mililita tatu za agari laini, kisha ukaimwaga juu ya sahani baridi, itaganda kabla hujamaliza kuinamisha sahani. Ninazipasha sahani joto kwenye inkubeta kwa nusu saa kabla ya kumwaga, na tangu nianze kufanya hivyo mabonge ya Julai yamekwisha. Usijaribu kutatua tatizo hili kwa kuipandisha agari hadi nyuzi 60, kwa maana utakuwa unampika mwenyeji.

Sahani zote zimechafuka

Ikiwa hata sahani ya mchujo bila mwenyeji imeota makoloni, usikimbilie kulilaumu chujio. Jiulize kwanza otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, ilifikia joto gani. Otoklevu ndogo zinazofanana na sufuria za mvuke huongozwa na geji ya shinikizo, na geji hiyo hupima tofauti kati ya mvuke ulio ndani na hewa iliyo nje. Katika usawa wa bahari paundi 15 hutosha kufikia nyuzi 121. Nairobi, ambako hewa ya nje ni nyepesi, paundi 15 zile zile huleta karibu nyuzi 118 tu, na ili kufikia 121 geji inapaswa kusoma takriban paundi 18. Usipandishe shinikizo kupita kiwango kilichoandikwa kwenye chombo. Ikiwa chombo hakiruhusu paundi 18, ongeza muda badala ya shinikizo, na uthibitishe kwa vijaribio vya spora. Otoklevu zinazojiendesha kwa kipimajoto hazina tatizo hili. Tofauti ya nyuzi tatu huonekana ndogo mpaka mtu akumbuke kwamba udongo umejaa spora za Bacillus, ambazo ni miongoni mwa viumbe wagumu kuuawa kwa joto.

Chujio nalo linaweza kukosea, hasa likisukumwa kwa nguvu nyingi hadi utando upasuke. Udongo mweusi wa Embakasi na Syokimau, ule ambao mafundi wa ujenzi huuita blakikotoni, huziba chujio baada ya mililita mbili, na hapo ndipo kidole gumba huongeza nguvu. Zungusha kwanza mchanganyiko kwenye sentrifuji kwa mara 5,000 hadi 10,000 za nguvu ya mvutano kwa dakika 15, uchukue maji ya juu peke yake, uyapitishe kwenye karatasi ya kuchujia, kisha chujio la mikromita 0.45, na mwisho lile la 0.22. Wanaotafuta faji zenye jenomu (jumla ya DNA) kubwa sana waishie kwenye 0.45, kwa sababu vichwa vyake vikubwa huweza kukwama kwenye tundu dogo zaidi.

Zulia ni zuri, faji ya ulinganisho imefanya kazi, lakini udongo haujatoa kitu

Sasa ndipo udongo unaweza kuulizwa. Kwanza, faji inaweza kuwa imo lakini imeshikwa. Chembe za mfinyanzi huvutia faji na kuzibana, na blakikotoni ina mfinyanzi mwingi wa aina ya smektaiti, ambao una eneo kubwa la kunasia. Udongo mwekundu wa Kabete, Kikuyu na Karura una tabia nyingine: huwa na oksidi za chuma na mara nyingi ni wenye asidi, na faji nyingi hushikwa kwa nguvu zaidi pH inaposhuka. Kuloweka kwa maji matupu hakutoshi katika udongo wowote kati ya hizi mbili. Tumia bufa yenye pH 7.5 ambayo kila lita yake ina gramu 5.8 za chumvi ya kawaida, gramu 2 za magnesi salfeti na milimoli 50 za Trisi. Ikiwa mavuno bado ni haba, jaribu kulowesha kwa mchuzi wenye dondoo ya nyama ya ng'ombe, kwa kuwa protini zake hushindana na faji katika kushika mfinyanzi. Tikisa saa moja au mbili, si dakika tano.

Hapa pana mvutano ambao mtafiti anapaswa kuufahamu. Kalsiamu na magnesi husaidia faji nyingi kushikamana na bakteria, lakini pia hugandisha mfinyanzi pamoja na faji zilizoushika. Kwa hiyo ninapendelea kulowesha udongo kwenye bufa yenye magnesi ya kiasi kidogo tu, kuondoa mfinyanzi, na ndipo kuongeza kalsiamu kloridi hadi milimoli 1 mpaka 5 kwenye agari laini wakati wa kumwaga. Kalsiamu iongezwe baada ya otoklevu. Ukiichemsha pamoja na mchuzi wenye fosfeti utapata unga mweupe chini ya chupa, na hiyo kalsiamu iliyotulia chini haimsaidii yeyote.

Pili, faji inaweza kuwepo kwa uchache. Gramu moja ya udongo ina bakteria wa aina nyingi mno, na yule mwenyeji uliyemchagua huenda ni mgeni kabisa katika shamba lile. Njia ya kawaida ni kuzizalisha faji kwanza: changanya gramu 10 za udongo, au mililita 10 za mchujo, na mchuzi mpya pamoja na mwenyeji, utikise saa 24 hadi 48 kwa joto analolipenda, kisha uchuje na umwage. Njia hii ina gharama yake. Faji inayozaliana haraka huzizidi zote, na mtafiti aliyedhani ameokota faji kumi kutoka mashamba kumi anaweza kukuta ana ile moja kila mahali. Anayetaka kujua utofauti uliopo amwage moja kwa moja kutoka kwenye udongo, avumilie sahani tupu nyingi.

Tatu ni mahali na namna ya kuchukua sampuli. Jua la adhuhuri huua faji zilizo juu ya ardhi, kwa hiyo futa tabaka la juu na uchukue udongo wa kina cha sentimita 5 hadi 15, wenye unyevu, karibu na mizizi. Kwa Ralstonia, bakteria anayenyausha viazi na nyanya, udongo uliozunguka mmea ulionyauka una nafasi kubwa ya kuwa na faji zake kuliko udongo wa bustani safi ya maua. Lakini huyo ni adui wa wakulima, na mabaki yote yake yachemshwe kwenye otoklevu kabla ya kutupwa. Mboji mbichi ni chanzo kizuri cha faji za Bacillus. Vibali vya utafiti vya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na idhini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kuchukua rasilimali za kijenetiki vishughulikiwe mapema, hasa ikiwa sampuli au DNA yake itavuka mpaka.

Nne, angalia maji na vyombo. Maji ya bomba yana klorini, na klorini huua faji. Nimewahi kuona wiki tatu zikipotea kwa sababu mtu alitengeneza bufa kwa maji ya mfereji siku ambayo mtambo wa kukenekea maji ulikuwa umeharibika, na hakuandika popote kwamba amefanya hivyo. Sabuni isiyosuuzwa vizuri huleta matokeo yale yale. Kwa M. smegmatis kuna mtego wa pekee: Tween 80, ambayo huongezwa ili seli zisigandamane, huzuia faji nyingi kumshika, kwa hiyo vizazi vya mwisho kabla ya kumwaga vikuzwe bila hiyo. Joto nalo lisisahaulike, kwa kuwa Arthrobacter wa udongo hupendelea nyuzi 28 hadi 30, na kumweka kwenye inkubeta ya nyuzi 37 kwa sababu ndiyo iliyokuwa wazi ni kumkosea mwenyeji na mgeni wake pamoja.

Tone limeacha doa safi, lakini plaki hazionekani

Dalili hii ndiyo iliyonidanganya zaidi katika kazi hii. Mtu hudondosha mikrolita 5 za mchujo juu ya zulia, kesho yake anakuta duara angavu kabisa, na maabara nzima inaitwa kuja kuona. Duara hilo linasema tu kwamba kitu fulani kwenye tone kimewaua bakteria au kimewazuia kukua. Kitu hicho kinaweza kuwa faji. Kinaweza pia kuwa antibayotiki iliyotolewa na Streptomyces wa udongo, sumu ya protini ambayo bakteria huwatupia jamaa zao, mabaki ya klorofomu, au hata chumvi iliyozidi.

Jibu hupatikana kwa kuzimua. Tengeneza mfululizo wa mizimuo ya mara kumi kumi, kutoka 1 kwa 10 hadi 1 kwa 100,000,000, na udondoshe kila mmoja juu ya zulia lile lile. Faji inapozimuliwa hufika mahali duara linavunjika na kuwa plaki moja moja zenye kingo, tuseme plaki thelathini, kisha tatu, kisha hakuna, kwa sababu kila faji moja huzaliana na kuacha alama yake yenyewe. Kemikali hufifia tu. Duara la pili huwa hafifu kuliko la kwanza, la tatu huwa kama kivuli, la nne halipo, mithili ya maziwa yanayoongezwa maji, na hakuna hatua hata moja inayoonyesha plaki.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea sahani ya aina hiyo, ina madoa manne mazuri yaliyopungua kwa utaratibu, na alikuwa ameshaipa faji yake jina. Tulirudia kwa mizimuo ya karibu karibu, mara tatu tatu badala ya mara kumi, tukitumaini kwamba plaki zimejificha katikati ya hatua mbili. Hazikuwepo. Tulipochukua agari kutoka katikati ya doa, tukailoweka na kuidondosha upya juu ya zulia jipya, haikuua kitu. Kilichokuwa ndani kilikuwa kimekwisha, hakikuwa kimezaliana. Jaribio hilo la pili, la kuhamisha doa kwenda sahani nyingine, linachukua dakika kumi za kazi na ninalipendekeza kabla ya jina lolote kutolewa.

Bacillus ana undani zaidi. Aina ya 168 ya B. subtilis, ambayo maabara nyingi huitumia, hubeba ndani ya jenomu yake masalia ya faji yanayoitwa PBSX. DNA yake ikijeruhiwa, hutoa chembe zenye kichwa na mkia zinazoonekana kwenye hadubini kama faji kamili, zinazoua aina nyingine za Bacillus zisizobeba PBSX, ila ndani yake zimepakia vipande vya DNA ya bakteria mwenyewe na hazina uwezo wa kuzaliana. Kwa hiyo doa, na hata picha ya hadubini, havitoshi kuthibitisha faji; plaki zinazozimuka na kuhamishika ndizo zinazotosha. Sababu nyingine ya doa bila plaki ni faji nyingi mno kuishambulia seli moja kwa wakati mmoja hadi ukuta wake upasuke kutoka nje kabla ya uzazi wowote, na hapo pia mizimuo ndiyo huamua.

Plaki zipo lakini ni ndogo, zina ukungu, au zinatofautiana

Plaki zenye ukungu katikati kwa kawaida ni ishara ya faji inayoweza kujificha ndani ya jenomu ya mwenyeji na kuacha baadhi ya seli zikiishi. Si kosa la sahani. Chota bakteria kutoka katikati ya ukungu, wapande, kisha uwajaribu kwa faji ile ile. Wakikataa kushambuliwa huku mwenyeji wa awali akishambuliwa, na mchuzi wao ukitoa faji wenyewe, una faji ya kujificha mikononi. Ikiwa wamekataa bila kutoa faji yoyote, huenda ni bakteria sugu tu.

Plaki ndogo kama ncha ya sindano mara nyingi hutokana na agari. Punguza agari laini kutoka asilimia 0.7 hadi 0.4, hakikisha sahani ya chini ni nene na haijakauka, na upunguze idadi ya bakteria unaowamwaga ili zulia lichelewe kukomaa, kwa kuwa katika wenyeji wengi plaki huacha kupanuka pale bakteria wanapoacha kukua. Sahani iliyolowa maji nayo huleta tatizo la kinyume, plaki zinazotiririka kama machozi. Zianike kwenye kabati safi nusu saa zikiwa zimefunuliwa kidogo.

Ukubwa wa aina mbili kwenye sahani moja humaanisha faji mbili mpaka uthibitishe vinginevyo. Chota plaki moja iliyo mbali na nyingine, uiloweke kwenye bufa, uizimue na uimwage upya, na urudie mara tatu kamili. Nimeona watu wakiishia mara moja kwa sababu plaki zote "zilifanana", kisha miezi sita baadaye usomaji wa DNA ukaleta jenomu mbili.

Plaki zinaonekana hata kwenye sahani ya mwenyeji peke yake

Ama faji zimetapakaa maabara, ama mwenyeji anazitoa mwenyewe. Ili kutofautisha, fufua mwenyeji kutoka kwenye hifadhi ya barafu, umkuze katika chumba kingine kwa vyombo vipya. Plaki zikitoweka, maabara ndiyo iliyochafuka: pipeti, bafu la maji moto, na ile chupa ya bufa ambayo kila mtu huchovya. Alkoholi ya asilimia 70 si ya kutegemewa dhidi ya faji zisizo na utando wa mafuta, ambazo ndizo nyingi. Pangusa kwa dawa ya klorini iliyotengenezwa siku hiyo, uiache dakika kumi, kisha suuza chuma kisije kikaliwa na kutu. Plaki zikibaki, huenda mwenyeji amebeba faji ndani yake na inafaa abadilishwe. B. subtilis 168, kwa mfano, hubeba pia faji iliyojificha iitwayo SPβ, na zipo aina zake zilizoondolewa mzigo huo.

Hesabu imeshuka

Hesabu ya faji hufanywa kwenye sahani yenye plaki 30 hadi 300. Plaki 84 kutoka mililita 0.1 ya mzimuo wa 1 kwa 1,000,000 humaanisha faji 840,000,000 kwa mililita. Hesabu ikishuka mara kumi ndani ya wiki moja, tazama kwanza mahali mavuno yalipohifadhiwa. Nyuzi 4 zinafaa. Kugandisha bila gliseroli hakufai. Na friji inayozimika kila stima ikikatika ni mbaya zaidi ya hapo. Mavuno yaliyozimuliwa sana hupotea kwa kushikwa na kuta za plastiki, jambo ambalo gelatini ya asilimia 0.01 kwenye bufa hulipunguza. Matone ya klorofomu huzuia bakteria kuota ndani ya hifadhi, ila faji zenye mafuta na zile zenye umbo la uzi hufa kwayo, kwa hiyo ijaribu kwenye mililita moja kwanza, na katika chupa ya kioo au ya polipropileni, kwani polistireni huyeyuka.

Faji imepatikana, uchunguzi wake unakwama

Kwenye hadubini ya elektroni, picha iliyojaa fuwele nyeusi husababishwa na chumvi na sukari za mchuzi. Zungusha faji kwa kasi kubwa, uzioshe mara mbili kwa amonia aseteti ya milimoli 100, kisha uzitie rangi kwa urani aseteti ya asilimia 2. Vichwa vilivyo vitupu vilivyojaa rangi ndani ni faji zilizokwisha kutema DNA yake, dalili ya mavuno ya zamani au ya kuzungushwa kwa ukali. Ukipata umbo la mkia mrefu, mfupi au unaojikunja, lieleze hivyo hivyo kama umbo. Majina ya familia za Myoviridae, Siphoviridae na Podoviridae yalifutwa rasmi mwaka 2022, na faji zenye mkia sasa zimewekwa katika tabaka la Caudoviricetes, zikigawanywa kwa jenomu.

Katika kipimo cha kizazi kimoja, kinachofuata faji tangu kushika seli hadi kuipasua, mchoro usio na ngazi, unaopanda tu kama mlima wa Ngong, humaanisha kwamba faji ambazo hazijashika hazikuondolewa, au kwamba hukuzimua baada ya dakika za kushikana, hivyo faji zilizozaliwa mapema zikaendelea kushambulia seli mpya. Anza na faji moja kwa bakteria kumi au zaidi, na usisahau kutoa idadi ya faji ambazo hazikushika kabla ya kugawanya ili kupata mazao ya kila seli.

DNA ndiyo huleta maswali mengi. Mavuno yaliyojaa DNA ya bakteria hayakutibiwa ipasavyo kwa kimeng'enya cha kukata DNA kabla ya kufungua vichwa vya faji. Kipe saa moja kwa nyuzi 37, kizimishe kwa kemikali ya EDTA, na ndipo utumie SDS, ambayo ni sabuni, na proteinezi K, kimeng'enya cha kukata protini. PCR, mbinu ya kunakili DNA, ikielekezwa kwenye jeni ya 16S ya bakteria, itakuambia kama bakteria bado wamo. DNA isiyokatwa na kimeng'enya chochote haimaanishi kwamba vimeng'enya vyako vimekufa, mradi vinakata DNA ya ulinganisho. Faji nyingi hubadilisha herufi za DNA yake ili kumkwepa mwenyeji: SPO1 ya Bacillus hutumia haidroksimethiliurasili mahali pa thaimini, na PBS1 hutumia urasili yenyewe, ambayo huvifanya baadhi ya vimeng'enya vya PCR, kama Pfu, kusimama njiani. Badilisha kimeng'enya kabla ya kubadilisha faji. Kwenye jeli ya kawaida, jenomu yoyote inayozidi jozi 20,000 hivi hukaa mahali pale pale juu, kwa hiyo mstari huo usitumiwe kukadiria urefu.

Usomaji wa jenomu ukirudi, linganisha matokeo na jenomu ya mwenyeji wako kabla ya kuyalinganisha na hazina yoyote ya dunia. Ikilingana na faji inayojulikana kwa asilimia 95 au zaidi kwa urefu wote, hiyo ni spishi ile ile, na bado ina thamani kama rekodi ya udongo wa hapa. Ikilingana karibu yote na kipande cha jenomu ya mwenyeji, hukutenga faji ya Kabete wala ya Embakasi. Umetenga ile iliyokuwa imelala ndani ya bakteria wako tangu siku ulipomtoa kwenye barafu. Chukua mrija wa udongo uliobaki kwenye friji, utafute mwenyeji asiyebeba kitu, na uanze tena kutoka kwenye kulowesha.